Vyumba Nisivyoviona Kisiwani

Juzi nilimtazama mjukuu wangu akichagua pa kulala kisiwani huku anamenya ndizi. Kidole kimoja kwenye simu, vingine kwenye ganda. "Bibi, hii ina nyota nne na nusu," akaniambia. Nikamuuliza hiyo nusu imekatwa kwa kosa gani. Hakujua. Maji ya bomba ni matamu au ya chumvi? Hakujua. Jenereta limekaa upande gani wa nyumba? Akacheka mpaka ndizi ikamponyoka. "Bibi, we uko vieux système!" Haya, sawa. Mi wa zamani. Lakini ninyi vijana wa simu kaeni kidogo hapa niwaambie, maana kazi hiyo mnayoifanya kwa kidole kimoja mimi niliifanya kwa miguu, na kosa nililofanya nusura linikoseshe usingizi wa maisha.

Kazi yangu ilikuwa kuwachagulia watu pa kulala. Tajiri wangu alikuwa Haji Sefu, mwenye mabasi yaliyotoka Gitega, yakapita kwetu Muyinga, yakavuka mpaka na kwenda kutua pwani ya Tanzania siku ya pili yake. Amani ilipokuwa imerudi, watu walikuwa na hamu ya kutembea. Akina mama wa biashara walifuata vitambaa. Wengine walikwenda kutazama tu, kwa sababu kwa miaka mingi barabara ilikuwa ni ya kukimbilia, sasa ikawa ya kutembelea. Na kule pwani kulikuwa na kisiwa kimoja, kidogo hivi, ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakuombea afya. Wateja wetu walikipenda. Haji akaona tusiuze tiketi peke yake, tuwatafutie na malazi. Akanitazama mimi, kwa kuwa nilikuwa najua kusoma na sikuwa naogopa boti. La pili hakuniuliza, alilidhania tu.

Aliyenifundisha kazi ni Salvatori, dereva wetu wa siku nyingi, mtu wa Ryansoro, mkali kama pilipili ya kuchuma asubuhi. Alikuwa amelala katika kila nyumba ya wageni kuanzia Gitega mpaka baharini, na kila moja ilikuwa imemkosea kitu. "Mama Hadija," alikuwa akisema, "ukiingia kwenye nyumba ya wageni usisalimie. Nenda chooni kwanza. Choo hakijui kudanganya." Kisha ufungue bomba, uonje maji kwa ncha ya ulimi. Kisha umuulize mpishi anaamka saa ngapi. Mpishi, sio mwenye nyumba, kwa sababu mwenye nyumba atakuambia saa unayoitaka wewe. Kisha usimame dirishani uhesabu polepole mpaka mia moja, usikie kama upepo unaingia au unapita tu huko nje na mambo yake. Yote hayo nilimwitikia, "Ego, Salvatori, ego." Na nikaenda kisiwani nikafanya ya kwangu.

Kwanza mjue sisi watu wa milima tuna ugonjwa wetu. Mtu wa Gitega ukimwambia achague pa kujenga, anatazama juu. Bondeni kuna mbu, kuna baridi ya asubuhi, kuna mpunga na vyura. Nyumba ya mtu mwenye akili inakaa mlimani, na migomba inaizunguka. Basi nilipita ufukweni, nikaona nyumba zote zile nzuri zinazotazama maji, nikawaonea huruma wenyewe. Maskini, nikasema moyoni, wamekosa kiwanja, wamejenga bondeni! Nikapanda, nikapanda, mpaka nikafika mahali palipoinuka kuliko pote kisiwani. Sio mlima, jamani, ni kituta cha kupandia viazi. Na hapo juu nikaona nyumba yenye migomba sita. Migomba! Nikajua nimefika.

Mwenye nyumba alikuwa Bibi Mwanahawa, mjane, mnene, mwenye sauti ya kubembeleza. Akanikaribisha sebuleni. Vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, sakafu unaweza kulia chakula, chai ya tangawizi, mkate wa kumimina. Tukazungumza watoto, tukazungumza mvua. Nikamuuliza, "Na vyumba, mama, viko vizuri?" Akasema, "Vizuri, alhamdulillahi." Basi. Nikamshukuru, nikaondoka.

Ndiyo, mmesikia sawasawa. Vyumba sikuviona.

Msinicheke bado. Kwetu, awe Mwislamu wa mjini Muyinga au mkulima wa Ryansoro, mgeni anaishia salo, yaani sebuleni. Nyuma ya pazia ni kwa wenye nyumba. Mgeni anayechungulia wanapolala watu, atasemwa mpaka siku ya msiba wake. Mimi nimelelewa hivyo, na nilipokuwa nimekalia kitambaa cha kufuma cha Bibi Mwanahawa, na mkate wake uko mdomoni, ningeanzaje kusema nionyeshe kitanda? Nilisahau kabisa kwamba nimetumwa kazi. Nilikuwa mgeni, na mgeni mwenye adabu. Hata chooni sikwenda, nilibana mpaka kwenye boti.

Haji alifurahi niliposimulia migomba. Yeye pia ni mtu wa milima.

Misimu miwili nikawa napeleka watu pale. Wote walikuwa akina mama wa vitambaa, wanakwenda wanane, kumi, wanalala pamoja, wanacheka pamoja. Wakirudi nawauliza, "Nyumba ilikuwaje?" Wanajibu, "Ni sawa." Sasa hapo ndipo mjifunze kitu, hasa ninyi mnaosoma maoni ya wageni kwenye simu. Mrundi aliyelala juu ya mawe atakuambia ni sawa. Aliyenyeshewa kitandani atakuambia ni sawa, kulikuwa na ubaridi kidogo. Hataki kumwaibisha aliyempokea. Kwa hiyo msiulize mlilalaje. Ulizeni, nani aliwaamsha? Hapo mtu anajikuta anasimulia jogoo, jenereta, mtoto wa jirani na bomba linalolia, kabla hajakumbuka adabu. Swali hilo nililigundua mwenyewe, na niliyemjaribia kwanza ni Melkiadi.

Melkiadi alikuja buro, ofisini kwetu Gitega, siku ya soko. Viatu vina udongo wa Makebuko, kofia mkononi. Mkulima wa kahawa, tena fundi wa matofali, mtu wa makamo. Alikaa kwenye benchi akawaacha watu wote wapite mbele yake. Nilipomwita akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka cha wale waliokulia Tanzania, "Mama, naomba unitafutie mahali pa kulala kisiwani. Mimi na mke wangu. Pawe pazuri kweli."

Nikamtania, "Yoo! Iko harusi ya pili hii?"

"Labda ni mazishi," akasema.

Nikafunga daftari nimsikilize. Yeye na mkewe, Yustina, wote wawili ni watoto wa wakimbizi. Walikulia huko magharibi mwa Tanzania, wakaoana huko huko. Amani iliporudi, na shamba la baba yake likapatikana Makebuko bila ugomvi, wakarudi. Tuseme yeye ndiye aliyerudi, Yustina alikuja tu. Mwaka wa tatu huo alikuwa hajapazoea. Baridi, alisema. Watu wa mlimani walimwita Mtanzania, wakacheka anavyopika maharage. Dada zake walikuwa wamebaki kule. Sasa alikuwa amesema waziwazi kwamba anarudi kwao.

"Nimemwomba jambo moja tu," Melkiadi akasema. "Tulipokuwa shuleni kulikuwa na kitabu chenye picha ya bahari. Nilimwahidi kwamba nitampeleka. Tumekulia Tanzania yote hiyo, mama, na bahari hatujaiona. Amekubali twende. Lakini tukirudi, kuna njia panda ya kwenda kwa dada zake. Hapo atashuka au hatashuka. Hajaniambia."

Akageuza kofia. Nikaona macho yake, nikatazama pembeni.

Sasa niambieni, ningemchagulia wapi mtu kama huyo? Nilifungua daftari, nikaenda moja kwa moja kwenye nyumba niliyoichorea nyota tatu kwa mkono wangu. "Bwana Melkiadi," nikamwambia, "mi nawapeleka juu, kwenye migomba. Hewa safi. Utanikumbuka." Akanishukuru kwa mikono miwili. Na kweli alinikumbuka.

Siku ya tatu simu ikalia.

"Shikamoo, Mama Hadija."

"Marahaba, mwanangu! Bahari umeiona?"

"Nimeiona. Ni kubwa."

"Na nyumba?"

"Ni sawa."

Nikasema, "Melkiadi, leo nani aliwaamsha?"

Akasema polepole, "Mwalimu Hamisi."

"Mwalimu Hamisi ni nani?"

"Ni yule anayelala kitanda cha juu yangu."

Nikakaa chini. "Na Yustina analala wapi?"

"Upande wa wanawake, mama. Wako sita. Kuna ukuta."

Kumbe nyumba ya Bibi Mwanahawa ilikuwa ya kupokea walimu wanaokuja kwenye masomo ya dini! Wanaume huku, wanawake kule, vitanda vya ghorofa, na ukuta katikati uliojengwa kwa matofali ya nguvu. Nyumba ya heshima kabisa, na Bibi Mwanahawa hakunidanganya hata neno, vyumba vilikuwa vizuri. Ni mimi niliyemchukua mtu anayetaka kumrudisha mke wake moyoni, nikamlaza na Mwalimu Hamisi.

Haji aliposikia alisimama, akakaa, akasimama tena. "We Mama Hadija! Umetenganisha mtu na bibi yake, tena umeweka na bahari katikati ya safari! Vyumba uliviona ama hukuviona?" Nikasema niliona sebule. Salvatori alikuwa mlangoni anakunywa chai. Alinitazama tu, na mpaka leo nautafuta usingizi nikilikumbuka jicho lile.

Nikapiga simu kila mahali. Nikapata chumba cha ufukweni, huko nilikokuwa nakuita bondeni, kitanda kimoja kipana, dirisha linatazama maji. Nikampigia Melkiadi, hameni leo hii, boti na mizigo juu yetu. Jioni akanipigia. "Amekataa kuhama."

"Amesemaje?"

"Amesema yeye pale yuko vizuri."

Mwanamke anapewa chumba na mumewe, bahari iko mlangoni, anasema bora wanawake watano asiowajua na ukuta? Sikuhitaji kusubiri njia panda ili nijue jibu. Nilimwambia Melkiadi maneno ya kumtuliza, hata siyakumbuki, nikaweka simu, nikalia hapo hapo buro mbele ya wateja. Nilikuwa nimeua ndoa ya watu kwa ajili ya adabu zangu na migomba sita.

Siku ya basi lao kurudi sikuweza kukaa Gitega. Nilimdanganya Haji kwamba dada yangu wa Muyinga ni mgonjwa, nikaenda kulisubiri kituoni. Dada yangu, mzima kama chuma, alinisindikiza na maandazi. Saa nne asubuhi basi likaingia. Wakashuka akina mama wa vitambaa na mabunda yao. Mmoja akaniona akapaza sauti, "Mama Hadija, nyumba yetu ni sawa kabisa!" Nusura nimtupie andazi.

Melkiadi alishuka mwisho. Peke yake. Kofia mkononi.

"Yuko wapi?"

"Amebaki."

Basi nikafunguka. Nilimshika mkono, nikamwambia yote: sikuviona vyumba, niliona aibu kuchungulia, nilidanganywa na migomba, kosa si la Bibi Mwanahawa wala la basi, ni langu, na kama anataka niende mwenyewe kwa dada zake Yustina nikapige magoti, nitakwenda leo. Nilisema kama robo saa. Dada yangu alianza kulia na yeye, ingawa hakujua ni kitu gani. Melkiadi alinisikiliza kichwa chini mpaka nikamaliza, maana mtu wa kwetu hamkatizi aliyemzidi umri hata nyumba ikiungua. Nilipomaliza ndipo akasema, "Amebaki mpakani, mama. Basi halikuweza kusubiri. Amenituma nitafute pikapu."

"Pikapu ya nini?"

"Ya kitanda."

Jamani! Nikampiga begani kwa mfuko wa maandazi, kisha nikamtafutia pikapu, na nikapanda mwenyewe katikati yake na dereva. Nani angeniacha Muyinga siku hiyo?

Njiani akanisimulia. Kule Makebuko, alisema, walikuwa wanalala kitanda kimoja na hawaongei. Akirudi shambani anaingia, anakula, analala. Kisiwani kila akimtaka mkewe ilibidi apige hodi upande wa wanawake. Anatoka bibi mmoja mwenye miwani, anamuuliza, "Nikuitie nani, na una shida gani naye?" Mbele ya bibi yule huwezi kusema huna shida. Basi ikabidi kila alasiri aende na jambo la kusema. Siku ya kwanza alimwambia Yustina kwamba bahari ni kubwa. Wakakaa kwenye ngazi, likaisha. Siku ya pili, kwa kukosa jambo, akamuuliza kitu ambacho hakuwahi kumuuliza: kwa nini unaondoka?

"Mimi nilidhani ni baridi," Melkiadi akasema. "Miaka mitatu nadhani ni baridi. Nimemnunulia masweta."

"Kumbe?"

"Akaniambia, kitanda tunacholalia ni cha mama yako. Sufuria za mama yako. Hata msumari wa kutundikia kanga niliukuta ukutani. Nalala kwenu kama mgeni, akasema, na mgeni huwa anajua siku ya kuondoka."

Dereva wa pikapu akaguna. Hata mimi kwa mama mkwe wangu nililala hivyo, na sikuwahi kuwa na mtu wa kumwambia.

"Na chumba cha ufukweni, mbona alikikataa?"

"Alisema tukihama nitaacha kupiga hodi."

"Basi mambo yamekwisha! Na kitanda ndicho hicho, amenunua!"

Melkiadi akatikisa kichwa. "Mama, hajaniambia kitu. Pale njia panda alishuka kweli. Mimi nilibaki kwenye kiti. Nikamwona anakwenda kwa mafundi wa mbao waliopo barabarani. Mara nasikia vishindo juu ya paa la basi, wanapandisha kitanda. Akarudi akakaa kando yangu, akafumba macho. Sikuthubutu kuuliza ni cha wapi. Tukafika mpakani, kikashushwa kiandikwe, akaniambia nenda wewe mbele. Mbona anitume mimi mbele na yeye abaki upande ule? Magari ya kurudi kwa dada zake yamejaa pale."

Nikataka kumwambia kwamba hakuna mtu anayefanya hivyo. Lakini nilikuwa nimeshawahi kuwa na uhakika mara moja kuhusu safari hiyo hiyo, kwa hiyo nilifunga mdomo. Tukaenda tumekaa watatu tumebanana mpaka tulipoona malori yamepanga mstari.

Yustina alikuwa amekaa juani juu ya mbao za kitanda, kanga kichwani, mwembamba, mrefu kuliko nilivyomfikiria. Mbele yake amesimama mtu wa forodha, kijana mpole, ana karatasi na kalamu. Alikuwa na foleni, alitaka kumaliza. Tukashuka. Melkiadi alisimama hatua kumi hivi, hakusogea.

"Mama," yule kijana akamuuliza Yustina, "nijaze hapa. Hiki kitanda iko naenda wapi?"

Nawaambieni, sisi wote wawili, tuliotembea naye, tuliomchagulia, tuliompigia simu, hakuna aliyekuwa ameuliza. Tuliogopa, tukaiita adabu. Mtu wa forodha aliuliza kwa sababu karatasi ilikuwa na nafasi.

Yustina alimwona Melkiadi. Alimtazama kidogo, kisha akamgeukia mwenye kalamu.

"Andika Makebuko."

"Makebuko kwa nani?"

"Kwangu," akasema. "Andika Yustina, Makebuko. Andika vizuri, usikosee."

Melkiadi akakaa chini. Hapo hapo kwenye vumbi, katikati ya malori, akafunika uso kwa kofia. Watu wakaanza kugeuka. Kijana wa forodha akashtuka, akauliza, "Huyu mzee ana nini?"

"Mwacheni," Yustina akasema, "amechoka na safari."

Akasimama, akajikung'uta vumbi, akaja mpaka nilipo. Mimi machozi yalikuwa yamefika kidevuni, wala sikuyafuta. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Wewe ndiye uliyetuchagulia nyumba?"

"Ndiyo mimi, mwanangu. Nisamehe."

"Shika huo upande," akasema. "Mwanamume wangu hawezi kubeba sasa hivi."

Nikashika.